Baiskeli ya binti yangu ilipoanza kunywa maziwa

Kama hujawahi kumsubiri mwanao mahali mashindano yanapomalizikia, basi hujui jinsi shingo inavyoweza kuuma. Jumapili moja ya Agosti mwaka 2023 nilisimama kando ya barabara ya vumbi karibu na Elmenteita, mwavuli mkononi na chupa ya uji kwapani, nikiwahesabu wasichana waliokuwa wakimaliza mbio za baiskeli za milimani. Alipita wa kwanza, akapita wa pili, wakapita hata wale ambao binti yangu alikuwa amewaacha mbali nilipomwona mara ya mwisho akipanda kilima. Wangu hakutokea. Baada ya muda wa saa nzima hivi niliona kitu mfano wa msalaba kikija polepole katikati ya vichaka vya leleshwa. Kumbe ni yeye, baiskeli begani, miguu imejaa vumbi jeupe hadi magotini.

"Pancha tatu, Baba," akasema. Hakulia. Afadhali angelia.

Tulirudi Nakuru katika matatu bila ya kuzungumza. Jioni hiyo, alipokwenda kuoga, nilizitoa tyubu zote tatu nikazichunguza moja baada ya nyingine kwenye karai la maji, kama nilivyozoea. Ya kwanza ilikuwa na matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, mfano wa meno ya nyoka. Ya pili ilichomwa na mbigili, ile miiba yenye pembe ambayo hata ng'ombe huiogopa. Ya tatu haikuwa na mwiba wowote. Kiraka ndicho kilichobanduka.

Na kiraka hicho nilikibandika mimi. Usiku wa Ijumaa, mbio mbio, nikitaka kuwahi taarifa ya habari. Sikuipiga msasa ile tyubu ipasavyo, wala sikuiacha gundi ikauke kabla ya kubandika. Fundi yeyote wa baiskeli kutoka Njoro hadi Naivasha angekuambia kwamba hilo ni kosa la mtoto mdogo. Nilikitia kile kiraka mfukoni, nikanyamaza.

Lazima nieleze kwa nini jambo hilo liliniuma hivyo. Mimi nimelelewa na viraka. Nilipokuwa shule ya upili, likizo zangu zote nilizimaliza chini ya mti huko Njoro nikiziba pancha za Black Mamba, zile baiskeli nyeusi za chuma ambazo zilibeba maziwa, viazi, majeneza na maharusi wa Bonde la Ufa kabla ya pikipiki kujaa. Karo yangu ya Kidato cha Tatu ilitokana na pancha. Nyumbani kwangu hapana mtu mwingine aliyeruhusiwa kugusa tyubu.

Wiki moja baadaye binti yangu akanijia na habari mpya.

"Baba, wenzangu waliomaliza mbele hawatumii tyubu."

"Hawatumii tyubu! Ndani ya tairi wanatia nini, maharagwe?"

"Maziwa," akanijibu.

Nilicheka mpaka mama watoto akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Lakini msichana hakucheka. Akaniletea gurudumu lake la mbele na kalamu, akanichorea nyuma ya daftari la Kemia jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Nami nitakueleza kama nilivyoelezwa, maana huenda nyumbani kwako pia kuna kijana mwenye mawazo ya namna hii.

Tyubu ni mfuko wa upepo uliofungiwa ndani ya tairi. Baiskeli inapogonga jiwe kwa nguvu, tairi hubonyea hadi jiwe likaribie kugusana na rimu, na tyubu iliyo katikati hufinywa kwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ile pancha ina matundu mawili. Waendeshaji huiita pancha ya nyoka. Ili kuiepuka, mtu hujaza upepo mwingi gurudumu likawa gumu kama gogo. Lakini gurudumu gumu halishiki njia. Kwenye changarawe hurukaruka, kwenye kona huteleza, na mikono ya mpandaji hufa ganzi. Mshindani mwenye tyubu, kwa hiyo, huchagua moja kati ya mawili: ateleze au apasuke.

Ukiiondoa tyubu, hakuna tena kitu cha kufinywa. Upepo huzuiwa na tairi lenyewe pamoja na rimu, kama ilivyo kwenye magari. Binti yangu, ambaye ana uzito wa kilo 52, alikuwa akijaza pauni 35 kwenye kipimo cha pampu. Bila tyubu angeweza kushuka hadi 22 mbele na 24 nyuma, tairi likalalia mawe badala ya kupigana nayo. Yale maziwa nayo ni utomvu wa mpira uliochanganywa na maji, vipande vidogo vidogo vya kuzibia, na amonia inayouzuia usigande ndani ya chupa. Mwiba ukitoboa, upepo huusukuma ule utomvu kwenye tundu, nao ukikutana na hewa ya nje huganda na kuziba. Watoto wa zamani waliotega ndege kwa ulimbo hawahitaji kuelezwa zaidi.

(Mdogo wake alipendekeza tukakinge utomvu wa mnyaa kwenye ua la jirani ili tuokoe pesa. Tafadhali msomaji, usimruhusu mtoto afanye hivyo. Utomvu wa mnyaa ukiingia machoni unaweza kupofusha.)

Tena jambo lenyewe si la jana. Huko Belfast, mwaka 1887, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alimfungia mwanawe mipira ya upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, na mwaka uliofuata akapewa hataza. Magari yalianza kuachana na tyubu huko Marekani katika miaka ya 1950. Baiskeli za milimani zilichelewa. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa, ikishirikiana na Hutchinson na Michelin, ilileta rimu na matairi yaliyoundwa makusudi kwa kazi hiyo mwaka 1999. Kisha mafundi wakagundua kwamba rimu nyingi za kawaida pia zaweza kugeuzwa, mradi matundu ya spoku yazibwe kwa ukanda usiopitisha hewa na tairi litiwe utomvu. Nilipomaliza kusikia hayo yote nilijihisi kama mtu aliyelala mwaka 1985 akaamka asubuhi hii.

Jambo la kunishawishi zaidi lilikuwa nchi yetu yenyewe. Eneo hili la Nakuru, Gilgil na Naivasha limetokana na volkano. Kuna changarawe ya lava, kuna vigutu vya leleshwa vilivyokatwa na wachoma makaa vikabaki na ncha kali, kuna migunga yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Na kuna lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa. Pale Kariandusi, ambako Louis Leakey alichimba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, utaona mashoka ya watu wa kale, na baadhi yake yamechongwa kwa jiwe hilo hilo. Ikiwa mtu wa kale alichinjia mnyama kwa jiwe hili, tyubu ya binti yangu ingefua dafu?

Mama watoto hakuwa na ugomvi na miiba. Ugomvi wake ulikuwa na mashindano yenyewe. Juu ya kitanda cha msichana kuna picha ya Suleiman Kangangi, yule kijana wetu aliyeanza kwa kubeba abiria kwa baiskeli akaja kuwa nahodha wa Team AMANI, timu iliyowapeleka Waafrika Mashariki kwenye mbio kubwa za changarawe. Kangangi alifariki tarehe 27 Agosti 2022, baada ya kuanguka katika mbio huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Habari hizo zilipofika, mama watoto aliiondoa ile picha ukutani. Msichana akairudisha. Iliondolewa mara mbili, ikarudishwa mara mbili, na hakuna aliyesema neno.

"Mnaniambia tairi litashika njia vizuri zaidi," mama watoto akasema usiku ule. "Atapunguza mwendo, ama ataongeza?"

Hakuna aliyemjibu. Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa nyumbani kwetu mwaka ule, na hadi leo sina jibu lake. Nilimwambia tu ukweli mmoja ninaoufahamu kutokana na kazi yangu ya zamani: tyubu ikipasuka kwenye mteremko, upepo wote hutoka mara moja na gurudumu humtupa mtu, ilhali tundu dogo kwenye tairi lenye utomvu huvuja polepole au huziba kabisa. Akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema tununue hayo maziwa.

Bei yake nusura initoe machozi. Chupa ya nusu lita, ambayo inatosha magurudumu mawili na kubaki akiba, ilinigharimu zaidi ya shilingi 2,000, na bado kulikuwa na valvu mbili maalum zenye kitako cha mpira. Bahati nzuri, baiskeli yake, ingawa ni ya mtumba, ilikuwa na rimu na matairi yaliyoandikwa kwamba yanakubali kutumika bila tyubu. Chunguza maandishi hayo kabla hujatoa hata senti. Rimu ya zamani isiyo na ukingo wa kushika tairi inaweza kuliachia lote kwa kishindo, na rimu ya Black Mamba usiijaribu kamwe.

Sasa nitakwambia nilivyoharibu kazi. Uliposomwa ule orodha wa vifaa, nilikataa kununua ukanda. Ukanda wa nini na mimi nina tepu ya nyaya za umeme? Nikaizungusha kwenye rimu, nikapachika valvu, nikarudisha tairi, nikamimina utomvu vijiko kadhaa, nikaanza kupiga pampu ya mkono. Nilipiga hadi shati likalowa. Upepo uliingia hapa ukatokea kule. Tukapaka ukingo wa tairi maji ya sabuni, nikapiga tena. Tairi likakaa vilevile, limelegea kama shavu la mzee.

Asubuhi tukayabeba magurudumu hadi kwa fundi wa pancha za malori, kijana mmoja aliye kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, upande wa Free Area. Alipoona magurudumu yale membamba alicheka kidogo, lakini alipoambiwa hayana tyubu uso ukabadilika, akawa mtu wa kazi.

"Mzee, hii ni kama ya gari tu," akasema. "Upepo wake lazima uingie kwa mkupuo."

Akakifungua kile kijiti cha ndani ya valvu ili njia iwe pana, akaushikilia mdomo wa bomba la mashine ya upepo palepale, akaachilia. Pa! Halafu tena, pa! Binti yangu akaruka nyuma. Ni kingo za tairi zilizokuwa zikipanda na kukaa mahali pake kwenye rimu, upande mmoja kisha wa pili. Akarudisha kijiti, akajaza, akalitumbukiza gurudumu kwenye pipa lake la maji. Mapovu yakaanza kutoka. Hayakutoka kwenye tairi. Yalitoka kwenye mizizi ya spoku, moja baada ya nyingine, kuzunguka gurudumu zima.

"Nani alifunga hii tepu?" fundi akauliza.

Binti yangu akatazama barabarani, kana kwamba lori lililokuwa likipita lilikuwa na jambo la maana sana.

Kosa ni kwamba tepu ya umeme hunyumbuka na gundi yake ni dhaifu. Upepo ukiisukuma huteleza, ukapita chini yake hadi kwenye matundu ya spoku. Tulilazimika kuanza upya. Nikaagiza ukanda wa haki kutoka Nairobi. Jumamosi iliyofuata tuliketi uani, mimi na yeye, rimu katikati yetu. Tukaisugua kwa spiriti hadi ikang'aa. Ukanda huo unatakiwa upana wake ulingane na upana wa ndani wa rimu, uvutwe kwa nguvu, ulale bila mkunjo hata mmoja, tena uzungushwe mara mbili. Ni kazi ya watu wawili, mmoja akivuta na mwenzake akikandamiza kwa kidole gumba.

Tulikuwa tumefika nusu ya mzunguko wa kwanza niliposikia mdomo wangu ukisema.

"Ile pancha ya tatu, kule Elmenteita. Haikuwa mwiba. Kiraka changu ndicho kilichobanduka."

Hakuniangalia. Alikandamiza ukanda kwa kidole, akasogea mbele, akakandamiza tena.

"Nilikuwa wa pili, Baba," akasema mwishowe.

"Najua."

Kimya kilikuwa kirefu. Kuku walipita katikati yetu. Kisha akasema, "Vuta, usilegeze, unakunja," nikavuta. Tukamaliza rimu hiyo na ile nyingine. Tukatoboa tundu la valvu kwa msumari uliopashwa moto, kusudi ukanda usichanike, nikaona kwamba kazi hii ya pili ilikuwa safi kuliko yoyote niliyowahi kufanya kwenye gurudumu. Sehemu kubwa ya usafi huo ni wake.

Yule fundi wa malori alitupigia pa-pa zake tena, na safari hii pipa la maji halikutoa povu isipokuwa vitone viwili vitatu kwenye ubavu wa tairi, ambavyo utomvu uliviziba tulipolitikisa gurudumu na kulilaza kila upande. Tulitia mililita 80 kila moja. Usiku nililaza magurudumu sebuleni. Saa tisa za usiku nikaamka kuyabonyeza. Saa kumi na moja nikaamka tena. Mama watoto akaniuliza kutoka chumbani kama nimejifungua mtoto mwingine.

Kwa miezi miwili binti yangu alifanya mazoezi kwenye barabara ya kupanda Menengai, kilele chake kikiwa mita 2,278, na kushuka upande wa msitu. Nilimuuliza tofauti anayoihisi. Akasema zamani alikuwa akiliangalia kila jiwe, sasa anaangalia mbele. Nilidhani atazungumzia mwendo. Mama watoto, aliyekuwa akichambua mboga karibu, aliinua kichwa aliposikia hivyo, kisha akaendelea kuchambua.

Mbio zilizofuata zilikuwa za kilomita 42 katika vilima vilivyo kati ya Mbaruk na Elmenteita. Nilisimama na mwavuli wangu na chupa ya uji, mama watoto kando yangu, maana alisema hatabaki nyumbani kusubiri simu. Alipita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha tukaona kofia yake. Alikuwa wa nne, na mgongo wa fulana yake ulikuwa na mstari wa matone meupe kutoka kiunoni hadi shingoni, kana kwamba amenyunyiziwa chokaa.

Ilikuwa katika kilomita ya 19, alisema. Alisikia sauti ya "psss" na utomvu ukamrukia mgongoni kila gurudumu lilipozunguka. Hakushuka. Alikumbuka kwamba ukilisimamisha gurudumu tundu likiwa juu, utomvu hautalifikia, kwa hiyo akaendelea kukanyaga na kusali. Baada ya mizunguko kadhaa sauti ikafifia, ikakoma. Nilipoupima upepo wa nyuma ulikuwa umebaki pauni 17. Si nyingi, lakini alifika akiwa juu ya baiskeli.

Jioni tulizihesabu alama nyeupe kwenye tairi lile. Zilikuwa 11. Tano bado zilikuwa na mwiba ndani, na hapo nilijifunza jambo jingine: usiung'oe mwiba ovyo. Kwanza zungusha gurudumu hadi mwiba uwe chini, mahali utomvu ulipotuama, ndipo uuvute. Kwa tundu kubwa linalozidi nguvu ya utomvu, kama mkato wa lile jiwe jeusi, kuna vijikamba vya kuchomeka kwa sindano nene. Yule fundi wa malori anavyo vya kwake, vinene kama kidole cha mtoto, amevitumia kwa magari miaka mingi. Alipoviona vya baiskeli alisema vimezaliwa kabla ya wakati.

Kuna usumbufu wake pia, sitakuficha. Utomvu hukauka, na katika joto letu la Januari na Februari hukauka haraka zaidi. Kila baada ya miezi mitatu tunalifungua tairi upande mmoja, tunakuta vipande vilivyogandamana kama jibini, tunavitoa, tunatia maziwa mapya. Nguo iliyodondokewa haitakati. Na chupa ile bei yake haijashuka.

Tyubu za zamani tulizikata vipande vya kufungia mizigo, isipokuwa moja, kwa sababu hata anayeendesha bila tyubu hubeba tyubu moja kwenye begi, endapo tairi litapasuka pasipozibika. Nilimtolea ile niliyokuwa nimeibandika kiraka kipya, kwa msasa na gundi iliyokaushwa vizuri, kazi ambayo ningeweza kuionyesha popote. Aliigeuza mkononi, akaitazama, akanishukuru kwa heshima zote. Kisha akaenda dukani akanunua nyingine.